Deni la Matumaini

Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni, na kwa kusema hivyo walitufundisha kwamba neno likitoka kinywani humfunga mwenye kulisema kama kamba. Kila mtoto aliyelelewa vema ayajua maneno haya, na kila muungwana huyachunga. Walakini wahenga hawakutuambia tufanyeje pale ambapo ahadi imetolewa na mtu mmoja, kisha deni likadaiwa kwa mtu mwingine. Je, mtu aweza kuwa mdeni wa neno asilolisema? Hili ndilo swali nitakalo kulichungua hapa, na mahali nitakapolichungulia ni mbali na kwetu. Ni Marekani, katika viwanja vya mpira vya vyuo vikuu, ambako vijana wa umri wa miaka 19 au 20 hudaiwa mbele ya maelfu ya watu, kila Jumamosi ya miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, madeni ambayo hawakuyakopa.

Yafaa kwanza msomaji aujue mchezo wenyewe. Mpira wa Kimarekani si kandanda tuijuayo. Mpira wao ni mrefu mfano wa yai, hushikwa na kurushwa kwa mikono, na mchezo wafanana zaidi na raga. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakifaulu hupewa nafasi nne nyingine, na wasipofaulu mpira huenda kwa wapinzani. Katikati ya kazi yote hii husimama mtu mmoja aitwaye kwotabeki. Karibu katika kila nafasi mpira huanzia mikononi mwake. Yeye ndiye atangazaye mpango kwa wenzake, ndiye asomaye jinsi wapinzani walivyojipanga, na ndiye aamuaye, kwa muda wa pumzi mbili au tatu, kama ataurusha mpira kwa mwenzake aliye mbali, ataukabidhi kwa aliye karibu, au atakimbia nao mwenyewe. Mbele yake husimama watu watano wenye miili mikubwa ambao kazi yao ni kumkinga asiangushwe. Wakizembea hao, huanguka yeye. Mpokeaji akiuachia mpira uliotupwa vizuri, hesabu huandikwa katika jina la aliyeutupa. Hali yake ni kama ya nahodha wa jahazi: chombo kikifika bandarini salama nahodha ni hodari, kikipanda mwamba nahodha ni mjinga, na hakuna aulizaye habari za upepo wala za mabaharia.

Ukubwa wa mambo haya ni mgumu kuusadiki kwa mtu asiyeuona. Kiwanja cha Chuo Kikuu cha Michigan, katika mji wa Ann Arbor, kina nafasi za watu zaidi ya 107,000. Hao wote huja kutazama wanafunzi wakicheza. Ipo miji mingi katika nchi ile isiyo na timu ya wachezaji wa kulipwa, na kwa watu wa miji hiyo timu ya chuo ndiyo bendera yao, ndiyo fahari ya jimbo, ndiyo mazungumzo ya kinyozi na ya kasisi. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma apokeaye mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala jaji. Ni kocha wa mpira wa chuo kikuu. Sisemi haya kwa dhihaka. Kila taifa lina kitu ambacho mgeni hukiona kidogo na mwenyeji hukiona kikubwa.

Basi watu wenye mapenzi makubwa kiasi hiki hawana subira ya kungoja kijana akue. Humtafuta angali katika shule ya sekondari. Wako wajuzi ambao kazi yao ni kuzunguka mashuleni na kuwapima wavulana wa miaka 16 na 17 kwa nguvu ya mkono, urefu wa mwili na wepesi wa miguu, kisha kuwapa nyota: aliye bora kabisa hupewa tano. Mvulana ambaye bado aomba ruhusa kwa mama yake kulala nje hujikuta jina lake limo vinywani mwa watu wazima wa jimbo ambalo hajapata kulikanyaga. Wamemtazama akicheza dhidi ya watoto wenziwe, na kwa kipimo hicho wamekwisha kuhesabu vikombe atakavyowaletea.

Twaa mfano wa Ron Powlus. Kijana huyu alitoka Berwick, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, na katika mwaka wa 1993 aliingia Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo chenye jina kubwa katika historia ya mchezo huu. Mtangazaji mmoja mashuhuri wa televisheni, Beano Cook, alitabiri kuwa Powlus angeshinda tuzo ya Heisman zaidi ya mara moja. Ili msomaji aone uzito wa maneno hayo, ni lazima ajue kwamba tuzo ya Heisman hutolewa tangu mwaka wa 1935 kwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, na kwamba katika muda wote huo ni mtu mmoja tu aliyeishinda mara mbili, Archie Griffin wa Chuo cha Ohio State, mwaka wa 1974 na wa 1975. Naye hakuwa kwotabeki. Basi bwana huyu alimkadiria Powlus jambo ambalo hakuna kwotabeki yeyote aliyepata kulifanya, na watu wakalipokea kama taarifa ya hali ya hewa.

Kabla ya mchezo wa kwanza wa mwaka ule, Powlus alivunjika mfupa wa mtulinga katika mazoezi, akakaa nje mwaka mzima. Aliporudi mwaka wa 1994 alitupa pasi nne za kufunga katika mchezo wake wa kwanza, na matumaini yakawaka upya kama moto wa nyasi. Alicheza miaka minne. Alipomaliza, mwaka wa 1997, alikuwa ameandika rekodi kadhaa za chuo chake katika kutupa mpira. Katika vyuo vingi angalihesabiwa miongoni mwa watu wa kukumbukwa. Lakini tuzo ya Heisman hakuipata hata mara moja. Kwa hiyo jina lake likabaki mfano wa kijana aliyewavunja watu moyo. Mwenye kutabiri aliendelea na kazi yake ya kutabiri, wala hakuna aliyemzomea.

Hapo ndipo swali letu linapouma. Ahadi ilikuwapo, hapana shaka. Lakini aliyeitoa ni Cook, na walioipokea ni mashabiki. Powlus alikuwa kitu kilichoahidiwa. Mtu akiahidi kukuletea embe za shamba la jirani yake, na jirani asivune kiasi hicho, utamshitaki nani? Mwenye akili atamwendea aliyeahidi. Shabiki humwendea mwenye shamba.

Wala nisionekane kuwa nawadharau mashabiki, kwa maana nami sijapata kuwa mtu wa moyo wa jiwe. Matumaini yao ni aina ya mapenzi. Mtu asafiri mamia ya maili, akae juu ya ubao wa baridi katika mvua ya Novemba, amlete mwanawe kama babaye alivyomleta yeye, na asipate kitu chochote mkononi ila sauti iliyokauka: huyo ametoa zawadi. Lau watu wote wangekuwa na busara ya kutotarajia lolote, viwanja vingekuwa vitupu na vijana wangecheza mbele ya upepo. Mimi naona kwamba matumaini hubaki zawadi mpaka siku ile mwenye kuyatoa anapoanza kuyahesabu. Siku hiyo huyageuza mkopo. Asema: nimekuamini miaka mitatu, nimevaa fulana yenye nambari yako, nimegombana na shemeji yangu kwa ajili yako, sasa nilipe. Na yule kijana, ambaye hakuomba kuaminiwa wala hakujua kuwa kuna shemeji, hutazama juu kwenye safu za watu na kuona umati wa wadai.

Lipo pia deni la kurithi, nalo ni zito kuliko la utabiri. Archie Manning alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Mississippi mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko humheshimu hata leo, kwa maana mwendo wa magari katika njia za chuo hicho uliwekwa kuwa maili 18 kwa saa, kwa kuwa nambari ya fulana yake ilikuwa 18. Wanawe wawili, Peyton na Eli, walikuwa makwotabeki, wakashinda fainali kuu iitwayo Super Bowl mara mbili kila mmoja. Mwanawe wa kwanza, Cooper, alikuwa mchezaji wa matumaini vilevile, lakini ugonjwa wa uti wa mgongo ulimwondoa mchezoni angali kijana. Cooper huyu akazaa mtoto aitwaye Arch. Msomaji aweza kukisia yaliyobaki. Tangu Arch Manning alipokuwa mvulana wa shule mjini New Orleans, watu hawakumtazama yeye; walitazama kupitia kwake, kama mtu atazamaye dirishani, wakamwona babu na ami zake wawili.

Aliingia Chuo Kikuu cha Texas mwaka wa 2023, akakaa miaka miwili akimsaidia mwingine, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la busara. Zamu yake ikafika mwaka wa 2025. Kabla mpira haujarushwa hata mara moja, waandishi walikuwa wameiweka Texas katika nafasi ya kwanza nchini, na wabashiri walikuwa wamemweka Manning mbele ya wote katika kuwania Heisman. Tarehe 30 Agosti, katika mji wa Columbus, Texas ilishindwa na Ohio State, waliokuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia, kwa 14 kwa 7. Majuma mawili baadaye timu ilicheza nyumbani, Austin, na timu ndogo ya UTEP. Texas ilishinda 27 kwa 10. Nakariri: ilishinda. Lakini pasi za Manning zilikuwa zikianguka moja baada ya moja, na watu wa nyumbani kwake, waliovaa rangi zake, wakamzomea.

Jambo hili lafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu linaonyesha kipimo kilichokuwa kikitumika. Hakuzomewa kwa kushindwa, maana hakushindwa. Hakuzomewa kwa uvivu, maana hakuna aliyemshitaki kuwa mvivu. Alizomewa kwa kuwa hakufanana na picha yake. Kama angekuwa kijana asiyejulikana, mwenye jina lisilo na historia, ushindi ule ungetosha, na pengine wangempigia makofi kwa kutia bidii siku ambayo mkono ulimkataa. Mwishoni mwa Novemba Texas iliishinda Texas A&M, mahasimu wao wa tangu zamani waliokuwa hawajafungwa mwaka ule, na Manning mwenyewe akakimbia na mpira hadi mstari wa mwisho. Vinywa vile vile vikamwimba. Sijui lipi kati ya hayo mawili ningeliogopa zaidi kama ningekuwa mzazi wake.

Watu huniambia, na hoja yao si dhaifu, kwamba zamani mambo yalikuwa hivyo lakini sasa yamebadilika. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wa vyuo huruhusiwa kupokea malipo kwa kukodisha jina na sura zao kwa wafanya biashara, na tangu mwaka wa 2025, kwa mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama, vyuo vyenyewe vyaweza kuwalipa. Makwotabeki wenye sifa hupata mamilioni ya dola. Basi, wasema, huyu si mtoto tena. Amechukua fedha, na mwenye kuchukua fedha ameahidi. Seremala aliyelipwa kiti hudaiwa kiti.

Nakubali nusu ya hoja hii. Aliyelipwa ana wajibu ambao mwenye kujitolea hana: afike mazoezini kwa wakati, autunze mwili wake, ajifunze mipango ya kocha usiku na mchana, asiwatupe wenzake siku ya shida. Akiyakosa hayo, alaumiwe, wala asijitetee kwa umri wake. Lakini tazama tofauti ya seremala na mchezaji. Seremala akitengeneza kiti, hakuna seremala mwingine upande wa pili wa meza aliyelipwa kukivunja. Uwanjani wapo wawili, wote wamelipwa, wote wamejizoeza, na tangu mwaka wa 1996 mchezo wa vyuo vikubwa hauishi kwa sare: ni lazima mmoja ashindwe. Ikiwa ushindi ni deni la kila aliyelipwa, basi kila Jumamosi nusu ya timu zote za Marekani ni wadanganyifu. Hakuna hakimu awezaye kuikubali sheria ya namna hiyo. Kilichouzwa ni juhudi. Ushindi haukuwa mali ya muuzaji hata auuze.

Jambo la kamari limezidisha ubaya. Katika mwezi wa Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliiondoa sheria iliyokuwa ikizuia majimbo mengi yasiruhusu kamari ya michezo, na tangu hapo mtu aweza kucheza kamari kwa simu yake akiwa kitini. Wanafunzi wachezaji wamepokea matusi na vitisho kutoka kwa watu waliopoteza fedha. Huyu hata shabiki si shabiki. Shabiki hudai kwa sababu alipenda. Mcheza kamari hudai kwa sababu alikosea hesabu, na ataka mwingine ailipe. Sitamtumilia karatasi zaidi.

Sasa nataka kusema juu ya wadai walio hatari kuliko wa uwanjani, kwa kuwa wao hulala nyumba moja na mdeni. Todd Marinovich alizaliwa mwaka wa 1969 katika jimbo la California. Babaye, Marv, alikuwa amecheza mpira yeye mwenyewe, kisha akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na alikusudia tangu mwanawe angali kitandani kumfanya kwotabeki mkamilifu. Viungo vya mtoto vilinyoshwa na kuzoezwa kabla hajaanza kutembea. Chakula chake kilichaguliwa: hakula vitamu wala vyakula vya dukani kama watoto wengine, na alipoalikwa katika sherehe alikwenda na chakula chake. Katika mwaka wa 1988, alipokuwa angali mwanafunzi wa sekondari, gazeti la Sports Illustrated liliandika habari zake kama za kiumbe kilichotengenezwa kwa makusudi maalumu.

Na kazi ya baba, ikipimwa kwa macho, ilifaulu. Todd alikwenda Chuo Kikuu cha Southern California, na tarehe 1 Januari 1990 akaiongoza timu yake kuishinda Michigan katika mchezo wa Rose Bowl. Mwaka wa 1991 alichaguliwa wa 24 katika nchi nzima kuingia ligi ya wachezaji wa kulipwa. Lakini mwaka huo huo alikuwa amekwisha kukamatwa na madawa ya kulevya. Baada ya misimu miwili ligi ikamwacha, na miaka mingi iliyofuata ilikuwa ya kuingia na kutoka mahakamani. Habari hizo amezieleza mwenyewe waziwazi. Mimi sitasema kwamba baba alimsukuma mwanawe katika madawa. Mambo ya nafsi ya mtu hayana njia nyepesi kama hiyo, na Todd mwenyewe hakuacha kumpenda babaye. Nasema tu kwamba mtu aliyepangiwa kuwa kitu kimoja tangu kitandani hana siku hata moja ambayo alijaribu kuwa kitu kingine na kuona kama kinamfaa. Mashabiki walimdai Powlus kwa miaka minne. Todd Marinovich alizaliwa akiwa mdeni.

Hapo msomaji atataka nimpe hadithi ya kumpoza moyo, na ipo. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka wa 1999, alikuwapo kwotabeki aitwaye Tom Brady, ambaye alipoingia chuoni alikuwa nyuma ya wengine sita katika kungoja zamu. Alipofika mwaka wake wa mwisho wengi walimtaka kijana mwingine, Drew Henson, aliyesoma sekondari katika jimbo lile, hodari wa mpira na wa besiboli, aliyekuja na sifa kubwa mno. Kocha aliwapa zamu wote wawili, robo kwa robo. Mwaka wa 2000 timu za ligi zilichagua watu 198 kabla ya kumchagua Brady. Yeye akaja kushinda Super Bowl mara saba, na hakuna mtu aliyemfikia. Henson alijaribu michezo yote miwili, na ukubwa aliotabiriwa haukuonekana katika mmojawapo. Na karibu zaidi nasi, Fernando Mendoza, kijana wa Miami aliyetafutwa na vyuo vichache tu alipomaliza sekondari, alishinda tuzo ya Heisman mwaka wa 2025, mwaka ule ule ambao wabashiri walikuwa wamemwandikia Manning. Na mwezi wa Januari 2026 akakiongoza Chuo Kikuu cha Indiana, kilichojulikana kwa vizazi kwa kushindwa, kutwaa ubingwa wa nchi bila kufungwa mchezo hata mmoja.

Walakini nina shaka na utamu wa hadithi hizi. Walimu huzipenda, nami nimezisimulia darasani, lakini zina sumu ndani yake. Tukisema kuwa kudharauliwa ndiko kulikomfanya Brady kuwa mkubwa, tumeugeuza utabiri kichwa chini miguu juu na kuanza kumdai kila aliyedharauliwa awe Brady. Wengi waliodharauliwa walicheza kwa bidii, wakahitimu, wakawa walimu na wahasibu, na hakuna aliyeandika habari zao. Hao hawakuvunja ahadi yoyote. Na Henson je? Amekosa nini kwetu, hata tumtumie kila mara kama kivuli cha kumng'arisha mwingine?

Wapo pia wana wetu waliovuka bahari kwenda kucheza kwa jina la vyuo vya Marekani, ingawa wao walikimbia. Henry Rono wa Nandi alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81, baina ya Aprili na Juni mwaka wa 1978: mita 5,000, mita 3,000 za kuruka viunzi, mita 10,000 na mita 3,000. Nataja habari zake kwa sababu katika mchezo wake mpimaji alikuwa saa, na saa haina jimbo wala shemeji. Lakini hata yeye, saa ilipokwisha kusema, watu walianza kudai. Kenya haikwenda katika Olimpiki ya 1976 wala ya 1980, na nishani ambayo kila mtu alimhesabia hakupata hata mahali pa kuitafutia. Alipambana na ulevi kwa miaka mingi, akayaandika mwenyewe katika kitabu, akafariki mwezi wa Februari 2024. Nimesikia watu wazima wakimtaja kuwa ni mtu aliyepoteza bahati. Rekodi nne kwa siku 81, na neno lililowajia kinywani ni kupoteza!

Sasa nirudi kwa Powlus, maana habari zake hazikuishia mwaka wa 1997. Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa 2006, kijana wa California aitwaye Jimmy Clausen, aliyesifiwa kuwa kwotabeki bora wa sekondari nchini, alikuja mjini South Bend kutangaza kwamba amechagua Notre Dame. Alifika kwa gari refu la kifahari, na mahali alipochagua kutangaza ni jumba la kumbukumbu la mashujaa wa mpira wa vyuo, kati ya majina ya watu waliokwisha kufanya makuu. Alikuwa bado na mwaka mmoja wa shule. Mwaka wa 2007 akaingia uwanjani, na timu ikashindwa michezo tisa katika michezo kumi na miwili, idadi ambayo chuo kile hakikuwa kimepata kuiona katika mwaka mmoja. Safu ya kumkinga ilikuwa dhaifu, akaangushwa mara kwa mara.

Kocha wa makwotabeki wa Notre Dame mwaka ule alikuwa Ron Powlus. Alikuwa amepewa kazi hiyo mwaka huo huo, akakaa na kijana yule misimu mitatu, kila siku ya mazoezi, akimwonyesha jinsi ya kuweka miguu kabla ya kutupa.